Madalali wawili, bei mbili: nani aniuzie biashara yangu?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina karakana ya kutengeneza majokofu, viyoyozi na vyumba vya baridi vya wateja wa biashara. Nimeiendesha kwa miaka 14 na ina wafanyakazi 9, mbali na mume wangu anayeshika stoo bila mshahara. Sasa nataka kuuza nipumzike. Nimeonana na madalali wawili. Wa kwanza aliizunguka karakana nusu saa, akasema itauzwa milioni 260 na kwamba mnunuzi "karibu yupo". Anataka ada ya awali ya milioni 5, kamisheni asilimia 8, na mkataba wa miezi 18 ambao ndani yake hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuza, hata mimi mwenyewe. Wa pili alikaa saa tatu, akaomba vitabu vya miaka mitatu, akauliza maswali mpaka nikakereka (mara tatu aliniuliza nani hupigiwa simu usiku chumba cha baridi cha mteja kikizima), mwisho akasema nisitarajie zaidi ya milioni 100. Hataki ada ya awali, ila kamisheni yake ni asilimia 12. Fundi wangu mkuu naye aliwahi kuniambia kwamba nikitaka kuuza nimwambie yeye kwanza. Nimeambatisha hesabu za mwaka jana. Nimchague dalali yupi? Na kweli nahitaji dalali?

JIBU: Dada, achana na wa kwanza. Wa pili endelea naye, ila usitie saini chochote kwanza, maana kuna mambo ya kumbana kabla hamjakubaliana. Suala la fundi wako nitalifikia. Huenda ndilo muhimu kuliko yote uliyoandika, nawe umeliweka mwishoni kabisa.

Tuanze na milioni 260. Dalali akitaja bei kubwa haimgharimu kitu, na kwa muuzaji aliyechoka hakuna maneno matamu kama hayo. Anachotafuta siku hiyo ni saini yako. Ukishamfunga kwa miezi 18, biashara inatangazwa kwa 260, watu wachache wanapiga simu, wakiona hesabu wanapotea. Mwezi wa nne au wa tano anakuja na uso wa huruma: soko limekuwa gumu, tushushe kidogo. Mnashusha. Wakati huo tangazo limeshazeeka, na kila mnunuzi makini anajiuliza wenzake waliona nini wakakimbia. Wewe nawe ulikuwa umeshaanza kulegeza mkono, hukununua mashine mpya, hukumfuatilia mteja aliyechelewa kulipa, faida imepungua. Inaishia kuuzwa chini ya bei ambayo ingepatikana mwanzoni kama ingesemwa kweli. Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na madalali wa namna hii wapo kila mahali.

Sasa tutajuaje kwamba 260 ni hewa na 100 ndiyo ya kweli? Kwa hesabu, na hesabu hii ndiyo mtihani mzuri kuliko yote wa kumpima dalali, kwa hiyo nivumilie.

Biashara ndogo inayoendeshwa na mwenyewe huuzwa kwa kuangalia fedha ambayo mmiliki mmoja anayefanya kazi humo anaweza kuitoa kwa mwaka. Unachukua faida kabla ya kodi, unarudishia mshahara wa mmiliki, riba ya mikopo, uchakavu wa mali, matumizi yako binafsi yaliyopitia kwenye biashara, na gharama ambayo haitarajiwi kujirudia. Kwenye karatasi zako naona faida ya milioni 16. Mshahara wako 15. Riba 2. Uchakavu 5. Gari ambalo, samahani, halijawahi kubeba kompresa hata moja, 3. Ukarabati wa paa lililoezuliwa na upepo, 4. Jumla ni 45.

Lakini kuna mumeo. Mnunuzi hataoa mtunza stoo, atalazimika kumwajiri. Kwa mishahara unayolipa wengine, mtu wa kazi hiyo atagharimu kama milioni 7 kwa mwaka. Toa 7, imebaki 38.

Bei hupatikana kwa kuzidisha kiasi hicho, na kwa biashara ndogo nyingi kizidishio huangukia kati ya 2 na 3. Hupanda kidogo kama biashara inaweza kusimama bila mwenyewe, kama wateja wana mikataba, kama vitabu viko safi. Hushuka kama mteja mmoja ndiye anayeleta nusu ya mauzo, kama mkataba wa pango unakaribia kwisha, au kama simu zote za wateja zinaingia kwenye simu yako ya mkononi. Mara 2 ni 76, mara 3 ni 114. Dalali wa pili amekupa kama mara 2.6. Wa kwanza amekupa karibu mara 7, na amefika huko bila kufungua kitabu hata kimoja.

Hii haina maana kwamba 100 ni takatifu. Rudi kwa wa pili umwombe akuonyeshe kwa maandishi alivyofika hapo: amerudishia nini, amekataa kurudishia nini, ametumia kizidishio gani na kwa sababu zipi. Dalali anayeijua kazi atafurahi kuulizwa. Angalia hasa kama amemwona mumeo. Kama amerudishia mshahara wako na akasahau kwamba stoo ina mtu asiyelipwa, mhasibu wa mnunuzi hatasahau, na mtakuja kukatwa bei dakika za mwisho, wakati umeshawaaga wateja moyoni. Muulize pia kwa nini gharama ya paa ameiona kuwa ya mara moja. Akijibu "kwa sababu ulisema hivyo", hajafanya kazi. Akitaka risiti ya fundi paa, huyo anajua kwamba mnunuzi naye ataitaka.

Yale maswali yaliyokukera ni kazi unayomlipa aifanye. Umeandika kwamba alikuuliza mara tatu nani hupigiwa simu usiku chumba cha baridi cha mteja kikizima. Alikuwa anatafuta kujua anauza nini: karakana, au wewe.

Tuje kwenye kamisheni, maana naona ile 8 kwa 12 imekuvutia. Kwa bei ya kweli ya milioni 100, asilimia 8 ni milioni 8. Ongeza ile ada ya awali ya 5, unapata 13. Asilimia 12 ya mwenzake ni 12. Kwa hiyo aliyeonekana nafuu ndiye ghali, isipokuwa kama amekubali kwa maandishi kwamba ada ya awali itakatwa kwenye kamisheni. Na kama biashara isipouzwa, wa pili umempa sifuri, wa kwanza ameondoka na 5.

Sisemi kila ada ya awali ni wizi. Mkono mtupu haulambwi, na kuandaa biashara kwa ajili ya soko ni kazi ya wiki kadhaa. Dalali anaweza kuomba kiasi fulani kwa ajili ya tathmini na kuandika waraka wa maelezo, akakata baadaye. Muulize swali moja tu: mwaka jana sehemu gani ya mapato yako ilitokana na ada za awali, na ipi na mauzo yaliyokamilika? Anayeishi kwa ada za awali hana haraka ya kuuza. Kazi yake ni kutafuta wauzaji wapya.

Hata hivyo jambo zito kuhusu kamisheni si asilimia. Tuseme leo amekuja mnunuzi wa milioni 90, na wewe unaamini ukisubiri miezi mitatu utapata 100. Ukikubali 90, umepoteza milioni 8.8 baada ya kamisheni. Dalali amepoteza milioni 1.2. Yeye miezi mitatu ya simu na vikao inamgharimu zaidi ya hiyo 1.2, kwa hiyo atakushauri ukubali, na atakushauri kwa moyo mweupe kabisa. Mwaka 2008 wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha uchunguzi wa mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, wakilinganisha nyumba ambazo madalali waliwauzia wateja na zile walizouza zikiwa mali yao wenyewe. Nyumba za madalali zilikaa sokoni takriban siku 9.5 zaidi, na zikauzwa kwa bei ya juu zaidi kwa kama asilimia 3.7. Hizo ni nyumba, ambazo bei yake jirani yeyote anaweza kuikisia. Biashara ndogo haina jirani wa kulinganisha naye, kwa hiyo neno la dalali lina uzito mkubwa zaidi.

Dawa yake, kwa sehemu, ni kamisheni ya ngazi. Mwambie dalali wa pili: asilimia 10 mpaka milioni 90, na asilimia 20 ya kila kinachozidi hapo. Ikiuzwa 90 anapata 9. Ikiuzwa 100 anapata 11. Ikiuzwa 110 anapata 13, ambayo bado ni chini kidogo ya 13.2 ambazo ungemlipa kwa mkataba wa sasa. Tofauti ni kwamba sasa kila milioni 10 za juu zina milioni 2 zake, si 1.2. Kwenye mauzo ya kampuni kubwa kuna ngazi maarufu inayokwenda kinyume, iliyopewa jina la benki ya Lehman Brothers: asilimia 5 ya dola milioni ya kwanza, 4 ya pili, 3 ya tatu, 2 ya nne, na 1 kwa zote zinazobaki. Akikutajia ngazi ya kushuka namna hiyo mwambie hapana, maana inampunguzia hamu ya kupandisha bei. Kwa biashara ya ukubwa wako asilimia 10 hivi ndiyo desturi, mara nyingi pamoja na kiwango cha chini ambacho dalali hashuki, na hicho kiwango cha chini kisome vizuri, maana bei ikianguka ndicho kitakachokulalia.

Kisha muulize: asilimia ya nini? Watu wengi hupita hapa mbio. Stoo yako ina kompresa, mitungi ya gesi, mabomba ya shaba na vipuri, tuseme vya milioni 15. Kwa kawaida vitu hivi huhesabiwa siku ya makabidhiano na mnunuzi hulipa bei uliyonunulia, juu ya bei ya biashara. Huna faida hapo. Kama mkataba unasema kamisheni ni ya "thamani yote ya mauzo", utamlipa dalali milioni 1.8 kwa kukurudishia fedha yako mwenyewe. Itolewe.

Angalia pia itakuwaje kama hukulipwa zote kwa mkupuo. Wanunuzi wengi wa biashara ndogo hawana fedha kamili na hukuomba uwakopeshe sehemu. Chukua mfano wa milioni 100: 60 siku ya makabidhiano, 40 kwa miaka mitatu. Mikataba mingi humpa dalali kamisheni yake yote siku ya kwanza, kutoka kwenye ile 60. Mnunuzi akishindwa mwaka wa pili, wewe unabaki na madai, dalali ameshakula zamani. Omba kamisheni ya ile 40 ilipwe kadiri inavyoingia. Anaweza kukataa, na si kosa kubwa akikataa. Ila namna atakavyojadili itakuonyesha anavyowaamini wanunuzi anaowaleta.

Na kamisheni iive lini? Kuna mikataba inayosema dalali amestahili malipo pindi alipoleta mnunuzi aliye tayari, anayetaka na anayeweza kununua. Isome tena sentensi hiyo. Haisemi mauzo yamekamilika. Mkigombana na mnunuzi juu ya masharti ukaamua kutouza, unaweza kudaiwa kamisheni ya biashara ambayo bado ni yako. Dai iandikwe kwamba kamisheni inadaiwa siku makabidhiano yamefanyika na fedha imeingia.

Ile haki ya dalali mmoja peke yake siipingi. Dalali makini hatatumia miezi kuandaa kazi ambayo wengine watano wanaitangaza, na biashara inayozagaa mikononi mwa madalali watano haina siri tena. Lakini miezi 18 ni mingi. Mpe 9, au 12 kama ana sababu, na kifungu kinachokuruhusu kuvunja baada ya mwezi wa sita kwa notisi ya siku 30. Halafu kuna mkia. Karibu kila mkataba wa udalali una kipindi baada ya mkataba kwisha ambacho dalali bado analipwa kama biashara itanunuliwa na mtu aliyemleta yeye. Ni haki, la sivyo watu wangesubiri mkataba ufe wauziane kwa mlango wa nyuma. Ubaya ni pale mkia unaposema mnunuzi "yeyote", au unapofika miezi 24. Jumlisha 24 na 18 za dalali wa kwanza: miaka mitatu na nusu ambayo huwezi kuuza bila yeye kunyoosha mkono. Mkia uwe wa miezi 6 mpaka 12, na uhusu majina tu: akukabidhi, siku mkataba unapokwisha, orodha ya watu waliosaini hati ya kutunza siri kupitia kwake. Asiyekuwemo kwenye orodha si wake.

Sasa fundi mkuu. Kabla ya kusaini na dalali yeyote, andika majina ya watu unaowajua tayari ambao wanaweza kununua: fundi wako, msambazaji wako wa vipuri, mshindani aliyewahi kukutania kwenye maegesho ya magari. Majina hayo yaingie kwenye mkataba kama watu ambao wakinunua, dalali halipwi, au analipwa asilimia ndogo, tuseme 3, kwa kazi ya kusimamia makaratasi. Dalali wa kwanza atanuna. Wa pili pengine atakuomba ukae nao kwanza kwa siku 30 au 60, ujue kama wana nia au walikuwa wanapiga soga, na ni ombi la haki.

Mimi ningeanza na fundi hata kabla ya mkataba. Anajua wateja, anajua mashine ipi inasumbua, na huna haja ya kumfundisha miezi mitatu. Tatizo lake litakuwa fedha, na ndiyo maana maongezi hayo ni magumu: ukimwambia unauza halafu akashindwa kupata fedha, umebaki na mfanyakazi anayejua siri yako na aliyevunjika moyo. Kaa naye nje ya karakana. Usimtajie bei. Muulize kwanza angelipaje, ana nani nyuma yake, benki gani amewahi kuzungumza nayo. Jibu likiwa ni tabasamu, funga mada kwa heshima, mwambie unafikiria mambo ya miaka ijayo. Akija na majibu ya kueleweka, basi dalali huenda humhitaji. Unahitaji wakili wa kuandika mkataba wa mauzo, mhasibu wa kukushauri kama mnauziana mali za biashara au kampuni nzima (kodi na madeni hufuata njia tofauti kabisa kwa kila moja), na mtathmini wa kuwapa wote wawili bei ya kuanzia. Hao hulipwa kwa kazi au kwa saa.

Akishindwa, dalali anakuwa na maana. Kazi yake kubwa ni kukuletea wanunuzi watatu au wanne kwa wakati mmoja, maana mnunuzi akiwa peke yake anajua yuko peke yake. Pia hukuacha wewe uendeshe biashara wakati yeye anapokea simu za watu ambao tisa kati ya kumi hawataishia popote. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kuuza karakana kwa siri.

Kwa biashara kama yako siri ndiyo mali yenyewe. Mafundi wakisikia unauza, yule mzuri anaitwa na mshindani wiki hiyohiyo. Wateja wenye vyumba vya baridi wanaanza kutafuta mtu wa akiba. Msambazaji anayekupa vipuri kwa mkopo anataka taslimu. Kwa hiyo muulize kila dalali anavyotangaza, na umwombe mfano. Utaratibu unaofaa ni huu: tangazo fupi lisilotaja jina wala mahali pa kukutambulisha, anayevutiwa anasaini hati ya kutunza siri na kuonyesha ana fedha au uwezo wa kukopa, dalali anakutajia jina lake ili useme kama unamkubali, hapo tu ndipo anapewa waraka wenye jina la biashara na hesabu. Tangazo la "karakana ya majokofu ya miaka 14, mafundi 9, inamilikiwa na mwanamama" halina jina, na kila mtu wa fani yako ataijua kabla ya kumaliza kusoma.

Kuna jaribio ambalo madalali hawalipendi. Mwombe rafiki yako apige simu kwa dalali huyo akiuliza biashara nyingine anayoitangaza. Ahesabu ni dakika ngapi zinapita kabla hajatajiwa jina la mwenye biashara au mtaa ilipo. Kama ametajiwa kabla ya kuulizwa yeye ni nani na ana uwezo gani, umeshajua yako itatajwaje.

Kwenye vyeti usipoteze muda mwingi. Sheria hutofautiana: nchini Marekani, kwa mfano, California na Florida ni miongoni mwa majimbo yanayomtaka dalali wa biashara awe na leseni ya udalali wa nyumba na ardhi, na sehemu nyingine nyingi hazina sharti lolote. Chama cha madalali wa biashara kiitwacho International Business Brokers Association hutoa cheti cha CBI kwa waliosoma kozi na kufaulu mtihani wake. Ni ishara nzuri kwamba mtu ameketi darasani. Haikuambii kama atapokea simu yako mwezi wa saba.

Hilo utaambiwa na waliouza kupitia kwake. Omba watu watatu: wawili walioshikana mikono na mnunuzi miaka miwili hii, na mmoja ambaye biashara yake haikuuzwa. Dalali akisema hana wa namna hiyo, anakudanganya, kwa sababu wote wanao. Huyo wa tatu muulize kama dalali aliendelea kumpigia, alivyoeleza kushindwa, na walivyoachana. Hao wawili waulize bei ya kwanza ilikuwa ngapi na ya mwisho ngapi, na nani hasa alifanya kazi. Kwenye ofisi zenye majina makubwa ni kawaida mkuu kuja kukusainisha, kisha faili linaangukia kwa kijana aliyeajiriwa juzi. Kijana huyo anaweza kuwa hodari, lakini umwone kabla. Umuulize pia sasa hivi ana biashara ngapi mkononi, na mwaka jana alikamilisha ngapi. Mwenye 40 mkononi na 3 zilizokamilika anakusanya majina tu, akitumaini moja litajiuza.

Jambo moja dogo, lakini liandikwe: analipwa na nani mwingine? Dalali anayechukua fedha kwako na kwa mnunuzi anajua bei yako ya chini na bei yake ya juu, na hakuna namna ya kuwatendea haki wote wawili. Iwapo sheria ya mahali ulipo inaruhusu, wewe usiruhusu, au angalau akuambie siku hiyohiyo linapotokea ili uamue.

Kwa hiyo wiki hii zungumza na fundi. Kama haikuzaa kitu, mrudie dalali wa pili na mambo manne: hesabu yake kwa maandishi, kamisheni ya ngazi isiyogusa stoo, miezi 9 na mkia wa majina, na orodha ya watu wako. Akikubali yote bila kubisha ningeshangaa kidogo, maana mtu asiyejua kutetea kamisheni yake ataiteteaje bei yako? Akibisha kwa sababu zinazoeleweka, mkutane katikati. Wakati mnajadiliana, hamishia simu za wateja kwenye namba ya ofisi na umpe fundi mkuu zamu ya usiku; ni kazi ya miezi mitatu hivi hadi wateja wazoee, na itakusaidia bila kujali nani atanunua. Rasimu ya mkataba ikija, mpe wakili aanze na kurasa mbili: ya kamisheni na ya kuvunja mkataba.